Tukipanda daraja, uwanja wetu utapita? Naomba msaada kwa wanaojua kanuni na kazi ya uwanja

Mpenzi_wa_Mchangani

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua kanuni za ligi za chini, na wanaoijua kazi ya uwanja kwa mikono yao.

Klabu ni ya wilayani, iko kwenye mbio za ubingwa wa mkoa, na ikiutwaa itakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Uwanja ni wa halmashauri na klabu inautumia kwa mazoea tu, hakuna karatasi yoyote. Hali yake ni hii: mistari ya sasa ni mita 98 kwa 62. Tambarare yote, kutoka ukuta wa shule hadi mtaro wa barabara, ni mita 118 kwa 80, na magoli yako kaskazini na kusini. Pembeni kuna nyasi, ila katikati na mbele ya magoli ni udongo mtupu wenye changarawe. Goli la kusini, ambalo ndilo liko upande wa mtaro, maji yanatuama siku mbili kila mvua ikinyesha. Nje ya tambarare, upande wa magharibi, kuna tuta la udongo la mita 60 kwa 4 ambako watu husimama. Mashabiki wanazuiwa kwa kamba. Vyumba vya kubadilishia nguo viwili, bomba moja, geti moja.

Wadhamini wadogo wamepatikana, na wengi wao wanataka jukwaa lijengwe kwanza kwa sababu linaonekana. Maswali yangu matatu. Ngazi za kupanda na kushuka zikoje kuanzia hapo tulipo? Ni kweli timu inaweza kuwa bingwa ikanyimwa kupanda kwa ajili ya uwanja? Na hela ikiwa kidogo, tuanze na nini?

Karani_wa_Ligi

Karibu mkuu. Naanza na ngazi.

Kwa Tanzania Bara, ligi ya wilaya inakupeleka ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ile ambayo wengi wanaiita RCL. Wanaofuzu hapo wanaingia First League, ambayo mpaka 2021 iliitwa Daraja la Pili. Juu yake iko Championship, iliyokuwa Daraja la Kwanza, halafu Ligi Kuu yenye timu 16.

Huko juu mlango uko hivi. Wa 15 na wa 16 wa Ligi Kuu wanashuka moja kwa moja, na wa kwanza na wa pili wa Championship wanapanda moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wa Ligi Kuu wanacheza mchujo nyumbani na ugenini. Mshindi anabaki, na aliyepoteza anakutana na timu ya Championship iliyoshinda mchujo wa nafasi ya tatu na ya nne. Kwa njia hiyo msimu wa 2022/23 Mashujaa ya Kigoma ilipanda na Mbeya City ikashuka. Mwaka uliofuata Tabora United ilipita kwenye mlango huohuo dhidi ya Biashara United na kubaki. Mbeya City ilirudi Ligi Kuu 2025 ikiwa pamoja na Mtibwa Sugar.

Sasa angalia kitu ambacho viongozi wengi wa mikoani hawakioni mapema. RCL huchezwa kwa vituo: timu zinakusanywa mji mmoja, mechi zinapigwa mfululizo kwenye uwanja wa kituo. Maana yake unaweza kupanda bila uwanja wako kukaguliwa hata mara moja. Ukishapanda unatakiwa kutaja uwanja wa nyumbani, na muda uliobaki kabla ya msimu hautoshi kuotesha nyasi. Klabu zinakwama hapo.

Swali la pili: kwetu adhabu ya kawaida haiwi kukunyima kupanda. Uwanja unakaguliwa kwa kanuni za leseni za klabu, ukionekana haufai unafungiwa, na wewe unahamia uwanja mwingine mpaka marekebisho yakubaliwe. Inaonekana nyepesi, lakini piga hesabu. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, na 15 ni za nyumbani. Mara 15 unakodi basi, unalaza kikosi na unalipia uwanja wa watu, huku mashabiki wako wanaolipa kiingilio wamebaki kijijini. Timu inayofungiwa uwanja inacheza ligi nzima ugenini, na pengo la pointi linaonekana kwenye msimamo kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha.

Leseni ya klabu kwa utaratibu wa CAF, shirikisho la soka Afrika, ina mafungu matano: michezo na vijana, miundombinu, watu na utawala, sheria, na fedha. Uwanja ni fungu moja tu, ila ndilo fungu lisiloweza kurekebishwa usiku mmoja. Chukua kanuni za ligi unayoiwania za msimu husika, si za mwaka juzi, kwa sababu zinabadilishwa.

Fundi_Ukoka

Mkuu, waambie wadhamini wako jukwaa lisubiri. Viwanja vingi vinafungiwa kwa sababu ya sehemu ya kuchezea. Timu ikiwa na jukwaa zuri na goli lenye changarawe, mkaguzi ataandika changarawe.

Ukubwa. Kwa sheria za mchezo, 98 kwa 62 si kosa: mechi zisizo za kimataifa zinaruhusiwa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90. Ila kipimo kinachotazamwa huko juu ni 105 kwa 68, na wewe nafasi unayo. Kwenye 118 kwa 80 utabaki na mita 6.5 nyuma ya kila goli na mita 6 kila upande. Kipime sasa kabla hamjapanda hata shina moja, ili nyasi ziote mahali sahihi.

Jinsi ya kupima: piga mambo (vigingi) mawili upande wa magharibi, umbali wa mita 105, futi kamba ikiwa imekazwa. Usitumie kamba ya katani wala ya nailoni kupimia, zinavutika na zikilowa zinabadilika. Kwenye kila pembe tafuta kona mraba kwa mita 12, 16 na 20: mita 12 kwenye mstari mmoja, 16 kwenye mwingine, na kati ya alama hizo mbili lazima isome 20 kamili. Vuta upande wa pili mita 68. Kisha pima mishazari yote miwili, kona hadi kona. Kila mmoja unapaswa kusoma mita 125.10. Mmoja ukisoma 125.40 na mwingine 124.80, uwanja wako umelala upande kama boksi lililokanyagwa. Sogeza mambo mawili ya upande mmoja kwa pamoja mpaka mishazari ilingane. Watu wengi wanapima pande nne tu, na pande nne zinaweza kuwa sahihi huku kona zimepinda.

Goli ni mita 7.32 kutoka ndani ya nguzo hadi ndani ya nguzo, na 2.44 kutoka ardhini hadi chini ya mtambaa wa panya. Eneo la hatari hupimwa mita 16.5 kutoka ndani ya kila nguzo, siyo nje, kwa hiyo mstari wake wote unakuwa 40.32. Boksi dogo ni 5.5 kila upande, jumla 18.32. Nukta ya penalti mita 11. Mstari ni sehemu ya eneo linalozungushiwa, na unene wake usizidi sentimita 12, sawa na nguzo.

Hapo kwenye 2.44 kuna kosa linalojirudia viwanja vyote. Kipa anachimba shimo mstarini, goli linakuwa 2.50. Mnajaza udongo kabla ya ukaguzi, mnashindilia, mnajaza tena, goli linakuwa 2.38. Kila mkigusa udongo wa golini pimeni upya sehemu tatu: kila nguzo na katikati.

Maji ya goli la kusini. Msimwage mchanga shimoni! Mchanga juu ya udongo wa mfinyanzi unakuwa bakuli: maji yanapita kwenye mchanga, yanakwama chini, na juu panabaki tope siku nne badala ya mbili. Kwanza jua mwinuko. Chukua mpira mwembamba wa maji, ule mafundi wanaotumia kupima levo, pima kila mita 10 na uandike kwenye karatasi ya miraba. Mnachotaka ni mgongo wa samaki: katikati juu, pembeni chini. Kwa mteremko wa asilimia 0.7, mita 34 kutoka katikati hadi mstari wa pembeni zinashuka sentimita 24 hivi. Usizidi asilimia 1. Goli la kusini likiwa ndilo chini kuliko mstari wa pembeni, chimbeni mfereji nyuma ya mstari wa goli, siyo ndani ya boksi, ushuke sentimita 1 kwa kila mita mpaka kwenye mtaro wa barabara, mjaze kokoto halafu mchanga. Kisha mbele ya goli tifueni sentimita 15 hadi 20, pitisheni udongo kwenye chekecheo mawe yatoke, mchanganye mchanga na samadi iliyooza vizuri, mrudishe. Eneo la mita 20 kwa 8 kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 24. Kwa lori linalobeba mita 7 ni tripu tatu na nusu kwa goli moja, na humo mnaondoa kile mtakachochekecha na kurudisha.

Nyasi: ukoka. Unavumilia jua, unatambaa na kujaza majeraha, na unapatikana bure pembeni mwa uwanja wenu huohuo. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu. Mistari iachane sentimita 25, shina na shina sentimita 10 hadi 15, fukia theluthi mbili na uache ncha nje. Mwagia maji saa hiyohiyo. Ukoka ulioachwa kwenye gunia juani tangu asubuhi ukipandwa mchana umeshakufa, ingawa bado ni wa kijani. Pandeni mwanzo wa mvua. Wiki ya tatu au ya nne kata kwa mara ya kwanza, ukiacha sentimita 4, ili utambae badala ya kurefuka. Msicheze juu yake kabla ya wiki 10 hadi 12.

Maji ndiyo gharama ambayo watu hawaipigi hesabu. Eneo la 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Milimita 5 tu kwa siku ni lita 35,700, yaani maboza matatu na nusu ya lita 10,000. Hakuna klabu ya mkoa itakayoweza hilo kila siku ya kiangazi kwa boza. Kama hela ya wadhamini inatosha kitu kimoja kikubwa, kiwe kisima na tangi. Urea mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha uwanja mzima kwa mwezi wa ukuaji. Mwageni majani yakiwa makavu kisha mwagilieni mara moja, vinginevyo inaunguza na mtabaki na madoa ya njano.

Kukata: uwanja ukiwa wa kuchezea weka sentimita 3, na usisubiri zipite 4.5. Kukata zaidi ya theluthi ya jani kwa siku moja kunaacha vijiti vya kahawia.

Mistari msipige kwa chokaa hai wala oili chafu. Chokaa hai ikikutana na jasho inachoma ngozi na macho ya wachezaji, na oili inaua nyasi na kuacha mfereji ambao mpira unafuata. Rangi ya maji iliyozimuliwa inatosha.

Kona_Bendera

Fundi amemaliza nyasi. Mimi nijibu swali la pili kwa mfano wa Uingereza, maana huko ndiko bingwa kunyimwa kupanda kulikotokea waziwazi, na sababu zake zinafundisha.

Mpaka 1986 hakukuwa na kupanda moja kwa moja kuingia kwenye ligi yao ya timu 92. Timu za mkiani ziliomba kura za wenzao ili zibaki. Mlango ulifunguliwa msimu wa 1986/87: Scarborough ikapanda, Lincoln City ikashuka. Ila mlango uliwekewa sharti la uwanja, na miaka mitatu mfululizo bingwa wa ligi ya chini yake aligonga mwamba. 1994 Kidderminster Harriers, uwanja wake ukiwa na jukwaa la mbao. Hiyo ni baada ya moto wa Bradford wa 1985 ulioua watu 56 kwenye jukwaa la mbao, kwa hiyo usidhani lilikuwa jambo dogo. 1995 Macclesfield Town. 1996 Stevenage Borough. Kila mara timu ya mkiani mwa ligi ya juu iliokoka bila kutoa jasho: Northampton Town, Exeter City, Torquay United, kwa mpangilio huo.

Stevenage walikwenda mahakamani wakashindwa. Soma sababu vizuri: sharti lilikuwa uwanja uwe umekamilika kufikia tarehe 31 Desemba, katikati ya msimu, na wao walikamilisha kazi baadaye. Jaji aliona masharti yenyewe yana kasoro, lakini walikuja kulalamika msimu ukiwa umeshakwisha, wakati Torquay nao wameshajipanga kubaki. Kidderminster walisubiri mpaka 2000, Stevenage mpaka 2010.

Na siyo nyasi na viti pekee. Mwaka 2024 Gateshead walimaliza kwenye nafasi za mchujo wa kuingia ligi ya juu wakazuiwa, kwa sababu uwanja ni wa halmashauri na hawakuweza kuonyesha uhakika wa kuutumia kwa miaka 10. Uwanja wenyewe ni mkubwa, wa riadha, una viti maelfu. Mwezi uliofuata wakachukua kombe la FA Trophy pale Wembley. Karatasi ndiyo iliyowaangusha. Ndugu Mpenzi, umesema ninyi mnautumia kwa mazoea tu. Hilo kwangu ni kubwa kuliko goli la kusini.

Nyongeza kuhusu nyasi bandia, maana kuna mdhamini atakayezitaja. Uingereza haziruhusiwi kwenye madaraja manne ya juu. Harrogate Town 2020 na Sutton United 2021 walipopanda ilibidi wang'oe zulia na kuotesha nyasi. Kwetu zinakubalika, viwanja vya Kaitaba na Azam Complex ni mifano. Ila ni mradi wa serikali au shirikisho, siyo wa michango.

Mpenzi_wa_Mchangani

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilichotarajia. Fundi, mishazari tumeshaipima jioni hii kwa mistari ya zamani: mmoja 116.2, mwingine 115.7. Kumbe tumecheza miaka yote kwenye uwanja uliopinda.

Naomba mnisaidie mambo mawili zaidi. Hilo la mkataba na halmashauri liandikwe nini? Na watu: tukiweka uzio badala ya kamba, tuuweke umbali gani, na tutajuaje uwanja unabeba watu wangapi? Kila mtu anataja idadi yake.

Geti_la_Mashariki

La watu nalijibu mimi.

Uzio: kwa viwanja vya ngazi za chini Uingereza, umbali wa chini kabisa kutoka mstari wa pembeni ni mita 1.83, na kimo cha mita 1.1. Kwako nashauri mita 3 kwa sababu nafasi ipo, na mchezaji anayekimbia kasi hasimami ndani ya mita mbili. Tumieni bomba la chuma la mviringo, nguzo zimesimikwa kwenye zege, lisiwe na ncha wala seng'enge. Seng'enge inakata mchezaji, na mashabiki wakisukumana inawakata wao. Acheni mlango wenye upana wa kupita machela na gari la wagonjwa, unaofunguka kuelekea uwanjani, na usifungwe kwa kufuli mechi ikiendelea.

Idadi ya watu haikisiwi kwa macho. Kanuni iliyotokana na majanga ya Uingereza ni kuchukua eneo la kusimama linalofaa, kuzidisha kwa watu 4.7 kwa mita ya mraba, kisha kupunguza kulingana na hali ya mahali penyewe. Tuta lako ni mita 60 kwa 4, yaani mita za mraba 240. Mara 4.7 ni watu 1,128. Lakini ni udongo usio na ngazi wala vizuizi, unateleza mvua ikinyesha, kwa hiyo nusu yake ndiyo hesabu ya haki: 564. Mkilichonga ngazi, kila moja ikiwa na ukingo wa tofali na kina cha kusimama mtu, idadi inapanda bila kuongeza hata mita moja ya ardhi. Hiyo ni kazi ya bei nafuu kuliko jukwaa.

Halafu pima milango, maana uwanja unabeba watu wanaoweza kutoka, siyo wanaoweza kuingia. Kwenye njia tambarare hesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana. Kwenye ngazi 66. Muda wa kutoka wote ni dakika 8. Geti la mita 1.2 linatoa watu 98 kwa dakika, kama 787 kwa dakika 8. Ukitaka kuingiza watu 3,000 unahitaji mageti manne ya namna hiyo, na wewe unalo moja. Kwa leo, kama geti lako ni la upana huo, uwanja wako ni wa watu mia saba na kitu, hata kama mechi ya watani wanajaa elfu mbili.

Kuingia nako ni hivyohivyo: njia moja ya kukagua tiketi yenye geti la kuzunguka huhesabiwa watu 660 kwa saa ikienda vizuri. Watu 3,000 wakija saa ya mwisho mnahitaji njia tano. Wakibanwa nje watasukuma geti au kuruka ukuta. Machi 2021 pale Uwanja wa Uhuru watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano, na haukuwa hata mpira, ulikuwa msiba wa kitaifa. Naomba jambo hili mlichukulie kwa uzito uleule wa kufuzu.

Vyumba: viwili havitoshi. Vya timu viwili, cha waamuzi cha tatu chenye mlango na bafu lake, na waamuzi wa kike wapate pa kubadilishia peke yao. Chumba kidogo cha huduma ya kwanza chenye kitanda, maji na njia ya moja kwa moja hadi uwanjani. Bomba moja litawaaibisha wakati wa mapumziko timu zote mbili zikitaka maji. Gari la wagonjwa liandikiwe barua hospitali wiki nzima kabla na kuthibitishwa asubuhi ya mechi, kwa sababu la kuazima huondoka na mgonjwa wa kijijini saa nane na mechi ni saa kumi.

Mabenchi wekeni magharibi, chini ya tuta, jua la jioni liwe mgongoni. Eneo la kocha ni mita 1 zaidi ya benchi kila upande, na liishie mita 1 kabla ya mstari.

Mtani_wa_Kisumu

Salamu kutoka Kenya. Huku ngazi ni ligi za kaunti, Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, NSL (National Super League), kisha Ligi Kuu ya timu 18. Wa 17 na 18 wanashuka, wa 16 anacheza mchujo na wa tatu wa NSL. Shida ya viwanja ni ileile.

Ninaongeza jambo la saa, kwa uwanja usio na taa. Mechi ikianza saa 10 jioni inakwisha kama saa 11 na dakika 50. Ikiwa ni mchujo unaohitaji dakika 30 za nyongeza na penalti, mnafika saa 12:40, na miezi ya katikati ya mwaka maeneo ya pwani jua limeshazama tangu saa 12 na robo. Mechi ya namna hiyo ombeni ianze saa 8 na nusu. Msipoomba kwa maandishi mapema, mtapangiwa saa 10 kama kawaida.

Karani_wa_Ligi

Narudi kwenye mkataba. Barua ya "hatuna pingamizi" haitoshi. Mkurugenzi anahamishwa, barua inabaki kwenye faili, na anayekuja hajui lolote. Uwe mkataba wa matumizi uliopitishwa na kikao cha madiwani, wenye muhuri, na muhtasari wa kikao uambatanishwe.

Ndani yake: miaka, na mkipata 10 ni vizuri, mkipata mitano chukueni yenye haki ya kuongeza. Ratiba ya ligi ipewe kipaumbele siku za mechi, na uwanja ufungwe kwa shughuli nyingine saa 72 kabla. Nani anakata nyasi, nani analipa maji na umeme, nani anatengeneza kikivunjika kitu. Kiingilio kinagawanywaje. Na kifungu ambacho wengi wanakisahau, cha mikutano, matamasha na sherehe za kitaifa: jukwaa la muda lisimame nje ya mistari, na magari yasikanyage nyasi. Lori moja la spika likipita kwenye boksi wakati wa masika, magurudumu yanaacha mifereji miwili ya kina cha kiganja, na uwanja uliokaguliwa ukapita unafungiwa mwezi unaofuata. Andikeni pia kwamba anayeharibu anatengeneza ndani ya siku 7 na gharama ni zake.

Wakaguzi wakija, mpokeeni mkiwa na mkataba, ramani yenye vipimo na idadi ya watu alivyoihesabu Geti, na barua ya hospitali. Mwombeni maandishi ya kila kasoro pamoja na tarehe ya kurudi. Kasoro ya mdomo haina mwisho.

Mpenzi_wa_Mchangani

Mmenipa kazi na nimeipenda. Swali la mwisho kwa Fundi: ligi ya mkoa inaisha wiki sita zijazo na mvua za vuli zinaanza baada ya hapo. Tukipanda ukoka sasa hivi mechi zilizobaki tutachezea wapi?

Fundi_Ukoka

Msipande sasa. Wiki hizi sita fanyeni vitu visivyogusa nyasi: upimaji mpya wa 105 kwa 68 na mambo ya zege kwenye kona nne, yakiwa yamezama sentimita 5 chini ya udongo ili mchezaji asijikwae na nyinyi msipime upya kila msimu. Chimbeni mfereji wa nyuma ya goli la kusini na muufunike. Anzeni kuchekecha udongo pembeni, uwe rundo tayari. Geti la pili na la tatu. Kisima kikipatikana, kichimbwe sasa wakati lori la kuchimbia linaweza kupita bila kuharibu kitu.

Mechi ya mwisho ikipigwa tu, kesho yake tifueni magoli na katikati, mvua ya kwanza ikilowesha sentimita 10 pandeni. Zungushieni kamba sehemu zilizopandwa na mazoezi yahamie uwanja wa shule. Mkicheza RCL kituoni, nyumbani ukoka unaota. Kuanzia vuli hadi Januari una wiki zako 12.

Na ile mishazari ya 116.2 na 115.7: usijaribu kurekebisha kwa kusogeza mstari mmoja kidogo. Futeni yote mwanze na mstari wa magharibi.